Mkono wa Kugeuzia

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu kabla ya kula: kuvua sare, kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, na kutandaza magazeti ya zamani juu ya meza ya baba yake. Chiriku halikuwa jina lake la daftarini. Alipewa na baba yake kwa sababu tangu alipojua kusema alikuwa hanyamazi, hata akiwa na chakula mdomoni.

Baba yake alikuwa fundi wa chambo bandia. Alichonga visamaki vya mbao vyenye urefu wa kidole, ambavyo wavuvi huvifunga kwenye mishipi ili samaki wakubwa wadhani wameona kitoweo. Kila kisamaki kilikuwa na kipete cha waya puani na kingine mkiani. Kuchonga ilikuwa kazi, lakini kupaka rangi ndiko kulikompa baba sifa. Milia ya visamaki vyake ilizunguka mwili mzima bila kukatika, kama imechapwa kwa mashine.

Siri yake ilikuwa kwenye kushika. Alikibana kisamaki kwa kipete cha mkiani, kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto, akakizungusha polepole. Brashi ilikuwa mkono wa kulia, nayo haikwenda popote.

“Umeona, mwanangu?” alikuwa akimwambia Chiriku. “Brashi imetulia tuli. Anayetembea ni samaki.”

Chiriku aliona, akajifunza. Alipofika darasa la sita, milia yake ilikuwa inakaribia kufanana na ya baba.

Asubuhi moja baba alianguka akiwa anavaa viatu. Alipojaribu kuita, maneno yalimtoka yamepinda. Ilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki tatu. Siku za mwanzo alikuwa akiona vitu viwili viwili, lakini macho yalipona na ulimi ukanyooka. Mkono wa kushoto haukupona. Ulining'inia begani kama nguo iliyotundikwa.

“Shukuru ni wa kushoto,” majirani walimwambia mama walipokuja kumjulia hali. “Wa kulia ndio wa kazi.”

Mama alishukuru. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, na mshahara wake peke yake haukutosha. Lakini siku baba alipoketi tena mezani, wote watatu waligundua kwamba majirani hawakujua walilolisema. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na hapakuwa na wa kugeuza.

Walijaribu kila njia. Kibanio cha nguo kilikishika kisamaki lakini kikaacha alama kwenye rangi mbichi. Msumari uliopigiliwa kwenye ubao ulikifanya kiyumbe. Walikichomeka kwenye kipande cha sabuni, kikalala. Mama alijitolea kukishika yeye, lakini alikuwa ametoka kukamua mashuka tangu alfajiri na vidole vyake vilitetemeka.

“Basi, acha,” baba alisema. “Nitapaka kikiwa kimelala.”

Akavipaka kumi na viwili hivyo, upande mmoja, kisha wa pili. Milia haikukutana. Alama za vidole zilijaa tumboni mwa kila kisamaki. Baba alivitazama, akafuta brashi, akaenda kulala. Chiriku alibaki akivipanga kwenye gazeti.

Kesho yake mama alimpeleka baba hospitalini kwenye mazoezi ya viungo. Walikuwa wakienda mara mbili kwa wiki, na kila mara walichukua saa tatu. Chiriku alipobaki peke yake alichukua msasa, akavisugua vile visamaki vyote kumi na viwili, akavipaka upya. Baba aliporudi alivikuta vimepangwa mezani, vinameta.

“Nani kavigusa hivi?” aliuliza.

“Mimi, Baba. Nimepaka vanishi tu.”

“Mbona milia imekutana?”

Chiriku alijibu haraka. “Ilikuwa imekutana tangu jana. Macho yako ndiyo hayajapona vizuri. Yakichoka na kazi, unaviona vibaya kuliko vilivyo.”

Baba alikiinua kisamaki kimoja karibu na uso. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu aanguke. “Kumbe!” alisema. “Kumbe ni macho!”

Mwanamke mwenye duka la zana za uvuvi, ambaye watu wote walimwita Mama Nyavu, alivichukua vyote na kuagiza themanini. Baba alianza kupiga miluzi akinyoa ndevu. Na mwisho wa wiki ile mama alipomletea viatu vya kwendea hospitalini, baba aliviweka kando.

“Siendi,” alisema. “Kuvutwa vutwa vidole kama mtoto kuna faida gani? Kazi inakwenda. Mkono utajirudi wenyewe.”

Mama alimbembeleza, hakusikia. Chiriku alikuwa akifunga daftari lake. Alijua palepale kuwa neno lake ndilo lililomketisha baba nyumbani. Alifungua mdomo aseme, akaona ule uso uliochangamka, akafunga.

Sasa kazi yake ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa baba hatoki. Lakini dawa zilimlaza kila alasiri. Chiriku alikimbia kutoka shule, akachukua visamaki vilivyopakwa asubuhi, akaenda navyo nyuma ya bafu. Huko alisugua na kupaka akiwa amechuchumaa, sikio moja likiwa dirishani. Kazi za shule hakuzifanya. Marafiki walipomwita kucheza alisema anaumwa. Yule mtoto aliyekuwa hanyamazi alianza kukaa kimya mezani, maana kila alilotaka kulisema lilipita karibu na lile asilotaka kulisema. Na kila jioni baba alipouliza, “Leo vikoje?” alijibu, “Vizuri, Baba. Kuliko vya jana.”

Wiki tano zilipita hivyo.

Siku ya Jumamosi ulibishwa mlango. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitalini, dada mmoja mrefu mwenye sauti ya chini. Alisalimia, akaketi, akaomba kuuona mkono. Alipojaribu kuvifungua vidole vya baba, vilikuwa vimekunjika na kukakamaa.

“Mzee wangu, kwa nini umetukimbia?” aliuliza.

“Sikuwakimbia, binti yangu. Nimepona kwa namna yangu. Tazama kazi yangu.” Alimwonyesha kisanduku chenye visamaki vilivyokuwa tayari.

Dada yule alivigeuza kimoja kimoja. “Vizuri sana. Umevishika vipi ukiwa na mkono mmoja?”

“Navilaza tu. Subiri nikuonyeshe.”

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alitamani baba asiipate brashi, lakini aliipata. Alikilaza kisamaki kwenye gazeti, akachora mlia. Kisamaki kikabiringika, rangi ikaenea, akakizuia kwa kidole gumba na kidole kikaacha alama. Alipaka upande wa pili, nao ukawa vilevile. Kisha akakisukuma mbele ya mgeni.

“Mimi nakiona kibovu,” alisema kwa furaha. “Lakini wewe unakiona kilivyo. Haya macho yangu yaliharibika kidogo, huniongopea. Muulize huyu binti yangu hapo mlangoni.”

Dada yule alikitazama kisamaki, akamtazama baba. “Macho yako tuliyapima kabla hujatoka hospitalini,” alisema polepole. “Yalikuwa sawa kabisa.”

Baba aligeuza kichwa mlangoni.

“Chiriku?”

Birika lilikuwa zito mikononi mwake. “Nilivipaka mimi, Baba.”

“Visamaki vipi?”

“Vyote.”

“Tangu lini?”

“Tangu vile kumi na viwili.”

Baba hakupiga kelele. Alikichukua kile kisamaki kilichochafuka na kukishika kwenye mwanga wa dirisha. “Kumbe naona,” alisema. “Nilikuwa naona siku zote.” Akainuka, akajikokota hadi chumbani, akalala akiuelekea ukuta.

Mgeni alipoondoka alizungumza na mama uani, na Chiriku alisikia. “Wiki hizi tano hatutazirudisha. Miezi ya mwanzo ndiyo mkono husikia. Atakuja Jumatatu, na nitafanya niwezalo. Lakini vidole viwili vya mwisho, siwezi kuahidi.”

Chiriku alilia nyuma ya bafu mpaka kwikwi ikamshika. Mama alimfuata, akachuchumaa kando yake.

“Na mimi nina kosa,” mama alisema. “Rangi ilikuwa inaisha haraka mno, nikahisi. Nikanyamaza kwa sababu alikuwa anacheka.”

Kwa siku mbili baba hakusema na Chiriku. Alikula, alikunywa dawa, Jumatatu alikwenda hospitalini na kurudi akiwa amesawijika kwa maumivu. Jumanne alasiri Chiriku alipoingia alimkuta mezani. Hakuinua macho.

“Nenda kwa fundi baiskeli,” alisema. “Muombe spoki moja na kipande cha tyubu. Halafu lete mbao mbili fupi.”

Baba aliamuru, Chiriku akapigilia. Walisimamisha vile vibao viwili juu ya ubao mpana, vikatazamana. Spoki ilipitishwa kwenye tundu la kibao cha kushoto, ikakunjwa ncha moja iwe kulabu na nyingine iwe mpini wa kuzungushia. Kulabu ilishika kipete cha mkiani. Upande wa pili, ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ulikivuta kipete cha puani. Kisamaki kikakaa katikati, kimenyooka, hakigusi kitu.

“Sasa nizungushe, Baba?” Chiriku aliuliza.

“Huzungushi wewe.” Baba alimnyooshea kitambaa. “Nifunge mkono huu kwenye mpini. Yule dada kasema nisiufiche, niupe kazi.”

Siku ya kwanza mpini ulikwenda robo mzunguko ukakwama. Jasho lilimtiririka baba mpaka likadondoka kwenye gazeti. Wiki ya pili ulifika nusu. Vingi vilitupwa. Baba alifunga safari mwenyewe hadi dukani akamweleza Mama Nyavu nani aliyepaka vile vya nyuma, na kwamba vyake halisi bado ni vibaya.

Mama Nyavu alikuna kichwa. “Wavuvi hawataniuliza nani kapaka,” alisema. “Ila usingeniambia, ningekuagiza mia mbili mwezi ujao, ningekuumbua. Milia iache kwanza. Niletee vyeupe vyenye mgongo mweusi, hata kumi kwa wiki.”

Ilikuwa kazi ndogo kuliko ya zamani, na nyumba iliisikia. Mama aliongeza zamu ya Jumapili. Lakini kidole gumba cha baba kilianza kusikia, kikafuatiwa na viwili vinavyokifuata. Vile viwili vya mwisho vilibaki vimekunjika, na mpaka leo havijafunguka. Kila Chiriku alipomfunga kitambaa aliviona.

Katika mwezi wa tatu wa kazi hiyo baba alijaribu mlia mmoja. Mpini ulizunguka duara zima, ukitikisika. Alipomaliza alisema, “Haya. Niambie.”

Chiriku alitazama. “Haujakutana, Baba. Hapa tumboni umepinda. Na hapa umekuwa mnene.”

“Sana?”

“Sana kidogo.”

Baba alicheka kwa pua, kisha uso ukarudi kuwa mzito. Alimvutia kiti.

“Keti. Nina neno, na nitalisema mara moja. Ulinidanganya kwa kunipenda, hilo nalijua. Lakini ulinifanya nisiyaamini macho yangu mwenyewe. Nilikuwa nimekwama, na mtu pekee aliyejua nilipokwama hakuniambia. Ningejua, ningekwenda mazoezini hata kwa kutambaa. Mtu akiwa dhaifu, usimpunguzie ukweli. Mpunguzie mzigo: mshikie ubao, mletee spoki, kaa naye. Ukweli ni haki yake, hata ukimuuma. Umenisikia?”

“Nimekusikia, Baba. Nisamehe.”

“Nilishakusamehe,” baba alisema. “Sasa nipe msasa, tuusugue huu nianze upya.”