Mpima Mto na Karani wa Tahadhari

Siku ile mjinga alikuwa karani, na hajawahi kulikana hilo.

Ukumbi wa hoteli ulijaa wajumbe wa nchi saba, waliokuja kukubaliana namna ya kupeana habari za mafuriko na kusaidiana yakishapita. Saa ya chakula walijipanga suti kwa suti, wakirundika nyama hadi mchuzi ukawatiririka vidoleni. Nyuma yao, ukutani, picha ya projekta ya ng'ombe waliovimba kwa maji ilikuwa imesahauliwa bila kuzimwa. Karani wa tahadhari akaishiwa hamu katikati ya paja la kuku. Pembeni alisimama dada mmoja, shati jeupe, suruali nyeusi, nywele kazibana nyuma. Karani akamsukumia sahani yenye mifupa na nyama iliyobaki.

"Dada, niondolee hii. Na chai, sukari kidogo."

Dada akaipokea. Chai ikaja, sukari kidogo. Nusu saa baadaye mwenyekiti akamwita jukwaani mpima mto wa nchi jirani, ile ya juu ambako maji hutoka, na aliyepanda alikuwa yuleyule wa sahani.

Karani aliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka, basi akasikiliza.

"Maji yakipanda kwangu, yanafika kwenu baada ya saa kumi na nane," alisema. "Ukinisikia mapema, unamtoa mtu mlangoni kwake na viatu vyake. Ukichelewa, unamtoa juu ya bati."

Karani alimvizia kwenye ngazi. "Naomba radhi, dada yangu. Nilidhani…"

"Nilijua ulichodhani. Nimeshakusamehe. Ila nyama uliiacha nusu nzima, na mlinzi wa getini hajala tangu asubuhi."

Hapo ndipo karani alipokwisha kwa mapenzi.

Kwa miezi saba mapenzi yao yaliishi kwenye simu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mpima mto alishuka ukingoni na mabuti yake ya mpira, akasoma nguzo ya vipimo, akapiga.

"Habari ya mto?"

"Mita mbili na robo. Habari ya mjini?"

"Mji unakusubiri, na mimi nimo ndani yake."

"Andika kipimo kwanza, mpenzi. Hayo mengine yatakungoja."

Siku nyingine shangazi yake karani, aliyemlea tangu mdogo na anayeishi mtaa wa chini karibu na daraja, aliipokonya simu. "Mkwe, njoo umchukue mtu wako! Anakula kama watu watatu, na kuosha sufuria hajui."

Kwenye yale makubaliano ya nchi saba, hata hivyo, simu haikuhesabika. Tahadhari ilitakiwa iandikwe kwenye fomu yenye mihuri miwili, mmoja wa kila upande. Bila fomu, hakuna kipaza sauti mtaani.

Asubuhi moja mpima mto hakutania.

"Mita tano na nusu, na bado unapanda. Watoe watu wa chini leo."

"Fomu umeituma?"

"Mwenye muhuri wetu kasafiri. Yuko kwenye mkutano wa kuharakisha tahadhari."

"Na wetu kaenda hukohuko! Basi ngoja kwanza…"

"Ngoja nini? Nakwambia mimi. Mimi sitoshi?"

Karani akasita. Akaiweka simu mezani, akaenda meza ya pili kumuuliza mkurugenzi. Mkurugenzi, tai yake ikiwa imening'inia juu ya sahani ya mayai, akasema bila muhuri hiyo ni simu ya mchumba tu. Ofisi nzima ikacheka. Na karani naye akacheka.

Maji yalikuja, wala hayakuuliza muhuri. Kilichowaokoa watu ni mapaa tu. Shangazi alikutwa juu ya bati, amekumbatia jiko la mkaa. Karani alimsafishia nyumba kwa koleo. Tope lilifika magotini, limechanganyika na mavi ya vyoo vya mtaa mzima, na kila alipolichota lilitoa sauti kama mtu anayelamba vidole. Akatapika mlangoni.

"Tapika, mwanangu," shangazi akamwambia, "lakini usiache kuzoa."

Alimpigia mpima mto mara kumi na moja. Akapokea moja tu.

"Nilikuuliza kama natosha. Ukaiacha simu mezani haijakatwa, nikamsikia kila mtu akicheka. Kicheko chako nakijua."

Tangu hapo alituma tarakimu tupu. "2.8." "3.1." Karani alizisoma kama barua.

Nchi jirani ilileta unga siku ya tatu tu baada ya mafuriko. Mkurugenzi akaufungia boharini, akimngoja mgeni rasmi aje kukata utepe. Wiki ya pili bohari ilinuka kama mdomo wa mgonjwa. Unga uliota ukungu wa kijani, funza wakatoka kwenye mishono ya magunia, nje akina mama wamekaa na ndoo tupu. "Pangeni mazima mbele, kwa ajili ya picha," mkurugenzi aliagiza, akiwa ameziba pua kwa leso. Karani aliwatazama wale funza, akaona wao angalau hawana unafiki.

Wiki iliyofuata, asubuhi, ujumbe ukaingia: "6.0. Saa kumi na nane."

Hakumuuliza mtu. Alichukua gari la vipaza sauti, akazunguka mtaa wa chini hadi sauti ikamkauka. Kufikia alasiri watu elfu nne walikuwa kwenye shule ya mlimani, shangazi akiwa wa kwanza, na godoro lake.

Maji yakaja kifundoni. Safari hii ukingo ulikuwa umebomoka huko njiani, na bwawa la mianzi likameza yaliyobaki. Kesho yake watu walirudi wakimzomea karani barabarani: "Mchumba wa mto! Umetulaza sakafuni bure!"

Alikuwa boharini akitupa magunia yaliyooza, mkurugenzi akimfokea mgongoni, malori mapya ya nchi jirani yalipoingia. Kutoka lori la kwanza akashuka mpima mto, mabuti ya tope, kitambaa chekundu kichwani.

"Unanuka," alisema.

"Ni unga."

"Siku ile uliyocheka ulinuka zaidi."

"Najua. Kichefuchefu changu cha kwanza kilikuwa mimi mwenyewe. Nioe… yaani, nikuoe."

"Hapa, mbele ya funza?"

"Niende wapi nikakuombe? Popote nitanuka hivihivi."

Mpima mto akacheka kile kicheko cha asubuhi za zamani. "Kaoge kwanza. Halafu mwambie shangazi nimekuja kumchukua mtu wangu."

"Haendi popote!" mkurugenzi alifoka, amewafikia. "Ameuhamisha mtaa mzima kwa simu ya mwanamke, na maji hayakufika hata gotini! Mji mzima unatutukana! Aibu hii ataibeba nani?"

Mpima mto akamgeukia taratibu.

"Mkurugenzi, hao wanaotukana wametoka kulala kwenye sakafu kavu. Wale wako wa mafuriko ya mwezi uliopita hawakumtukana mtu. Walikuwa juu ya mabati, wanaita mama zao."