Glasi ya Kushoto kwa Spika

Philomena Careen alikuwa na miaka hamsini na saba, goti bovu, na mtu wa kukimbiza.

Mtu mwenyewe alikuwa kijana.

Hapo ndipo tabu ilipokuwa.

Ngazi za mbao zilishuka kutoka mtaa wa juu hadi bandarini, na ukungu wa mchana ulikuwa umezimeza nusu. Kijana alivaa sare nyeupe ya wahudumu wa Bunge. Aliruka ngazi nne nne. Philomena alishuka mojamoja, ameshika reli, akilaani ukungu, goti, na yeyote aliyeamua kwamba jasusi hastaafu mpaka afike sitini.

Redio ilinong'ona sikioni.

"Shakwe, hapa Mnara. Unamwona?"

"Nasikia viatu vyake."

"Usimpoteze."

"Asante kwa ushauri, mwanangu."

Mnara alikuwa Desrosiers, bosi wake, kijana msafi wa Ottawa ambaye hajawahi kulowa akiwa kazini. Philomena alikuwa na suruali zenye umri kuuzidi uzoefu wake.

Kijana alifika gatini, akageuka. Mkononi alikuwa na Walther yenye kizuia sauti.

Philomena alijitupa nyuma ya pipa la dizeli. Risasi ikatoboa bati. Nyingine ikapita juu. Akasubiri. Alikuwa mvivu wa kupigana tangu zamani, na kusubiri kulikuwa kumemfikisha umri huu.

Kijana akarudi nyuma hatua moja ili apate shabaha. Akakanyaga mteremko wa kushushia boti.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mteremko ulikuwa wa kijani kibichi, umejaa utelezi, na hakuna aliyezaliwa kisiwani humo ambaye angeweka mguu pale hata kwa kulipwa. Miguu ya kijana ilikwenda juu, kichwa kikaenda chini, bastola ikazama.

Philomena akamfuata kwa matako, taratibu, kisha akamkalia mgongoni.

Goti lilikuwa linaomba kupumzika hata hivyo.

Akamfunga pingu za plastiki. Akampekua. Ndani ya aproni mlikuwa na kichupa kidogo cha kioo.

Kitupu.

"Mnara, nimemkamata. Sumu haimo. Ameshaitumia."

"Basi imo kwenye glasi. Mwonye Pottle. Sasa hivi!"

Wiki nzima kazi ya Philomena ilikuwa hiyo tu: kuhakikisha Noreen Pottle anabaki hai. Noreen alikuwa mbunge wa Upinzani, Waziri Kivuli wa Nyumba, mwanamke wa sauti nene na subira nyembamba. Serikali ya kisiwa ilikuwa karibu kusaini mkataba na kampuni moja ya kigeni iitwayo Norvane. Norvane ingejenga nyumba mia tatu za bei nafuu. Nayo ingepewa rasi nzima ya Cape Tulk, bure, milele.

Chini ya rasi hiyo hupita nyaya za mawasiliano za nusu ya dunia. Norvane haikuwa na mjenzi hata mmoja. Ilikuwa na majasusi.

Mkataba ulikuwa usainiwe jioni hiyo. Bunge lilikuwa lifungwe kwa likizo ya kiangazi jioni hiyohiyo. Zaidi ya Noreen, hakuna aliyekuwa na nia ya kumsimamisha Waziri mbele ya kamera na kumuuliza nyumba ziko wapi. Noreen asipouliza leo, rasi imekwenda. Ndiyo maana walitaka moyo wake usimame kabla ya yeye mwenyewe kusimama.

Philomena akabonyeza redio. Noreen alikuwa na tatizo la masikio, na wataalamu walikuwa wamechomeka redio ndogo katika kifaa chake cha kusikilizia.

"Noreen, ni Mena. Usinywe kitu chochote mezani. Kohoa kama umesikia."

Kikohozi kikavu.

Kazi imekwisha, alidhani. Akawaza nyama ya chumvi na kabichi iliyokuwa ikimngoja nyumbani.

Polisi wawili wakatokea kwenye ukungu, wakamchukua kijana.

"Mashtaka gani, mpenzi?" akauliza mkubwa wao, kwa mazoea ya kisiwa ya kumwita kila mtu mpenzi.

"Subiri. Mnara, nisomee ile amri mliyoinasa. Sitaki muhtasari wenu. Maneno yenyewe, polisi wayaandike."

Desrosiers akasoma. "'Kipindi cha maswali. Kushoto kwa Spika. Safu ya mbele, kiti cha tatu. Glasi.' Ni hayo tu."

Philomena akamshika polisi mkono asiendelee kuandika.

"Shakwe?"

"Nani aliwaambia hicho ni kiti cha Pottle?"

"Inajulikana. Serikali hukaa kulia kwa Spika, Upinzani kushoto. Ottawa hivyo. London hivyo. Kila mahali."

"Siyo hapa."

"Siyo hapa kivipi?"

"Bunge la zamani lilikuwa na jiko moja la kuotea moto, upande wa kushoto. Serikali ikahamia kwenye joto. Haijarudi mpaka leo."

"Jiko?"

"Jiko, mwanangu. Wiki nzima mnaniambia 'Pottle', 'Pottle'. Mngenisomea mstari mmoja!"

Alihisi hasira, kisha hata hasira ikamchosha.

"Kwa hiyo kushoto, kiti cha tatu, ni nani?"

"Leander Tuck. Waziri wa Nyumba."

Desrosiers akatukana kwa Kifaransa.

"Nampigia Mpambe wa Bunge."

"Simu yake iko kabatini. Kipindi cha maswali hawaingii nazo."

Akabonyeza redio. "Noreen!" Mlio mkali, kisha kimya. Philomena akaelewa. Noreen alikuwa amesimama kuuliza. Kila aliposimama, kipaza sauti kilifanya kifaa chake cha sikioni kipige mlio, naye alikizima.

Akaingia kwenye pikapu yake ya Tacoma, akakanyaga mafuta. Gari likapanda kilima likinguruma.

Mlangoni mwa roshani ya wageni alisimama Gus, mzee wa zamu, kifua mbele.

"Mena, mpenzi wangu, koti linachuruzika maji. Huingii nalo."

"Gus, nipishe."

"Sheria ni sheria, kipenzi."

Akalivua, akamtupia. Gus akayumba.

"Zito hivi! Lina nini?"

"Chakula cha mchana."

Ilikuwa bastola yake ya Glock.

Akaingia. Chini yake ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makelele, kama kawaida. Noreen alikuwa amesimama, kidole hewani.

"Nyumba mia tatu, Mheshimiwa Spika! Malipo ya kwanza yametoka kwenye kodi zetu kabla hata ya saini. Nimekwenda Cape Tulk mwenyewe. Nimekuta mawe na bango. Kwangu kuna familia tatu chumba kimoja cha moteli, watoto wanafanyia hesabu za shule juu ya mashine ya kufulia. Waziri atuambie amelipia nini! Na rasi yetu anampa nani?"

"Aibu!" upande wake ukapaza.

"Kaa chini, mama, chai inapoa!" upande wa pili ukajibu.

Leander Tuck akainuka polepole, mnene, nadhifu, anatabasamu. Kila mtu kisiwani alijua mtindo wake. Akiulizwa swali gumu, kwanza huvuta glasi. Hupata muda wa kufikiri, au wa kuonekana anafikiri.

Mkono wake ulikuwa ukienda kwenye glasi.

Philomena akainama juu ya ukingo, akavuta sikio lake kwa nguvu, kama mwalimu aliyekasirika. Noreen akainua macho. Akamwona. Akapeleka mkono kwenye sikio, akabonyeza.

"Si glasi yako. Ni ya Tuck. Sumu. Mzuie," Philomena akasema redioni.

Noreen akageuka, akamtazama Waziri.

Glasi ilikuwa imeinuka.

Noreen hakusogea.

Philomena alimwona kutoka juu: mabega yametulia, uso hauna kitu. Tuck alikuwa akimwambia jirani yake jambo la kuchekesha, glasi ikingoja hewani. Moteli nzima ilikuwa machoni mwa Noreen. Pumzi ikapita, na ya pili.

Kisha akapiga ukelele.

"Leander, usinywe!"

Waziri akacheka. Akamnyanyulia glasi. "Kwa afya yako, mpenzi!"

Noreen akavuka.

Ukumbi ukalipuka. Katika Bunge hilo, mbunge akikanyaga zulia la katikati kuelekea viti vya wapinzani wake, ana maana moja: amehama chama. Upande wa Serikali ukashangilia, ukapiga meza. Nyuma yake wenzake wakafoka.

"Msaliti!"

"Noreen, umerogwa?"

Tuck akafungua mkono mmoja kumpokea. "Karibu nyumbani! Tulijua utachoka na baridi ya huko!"

Noreen akamshika kifundo cha mkono, akainyakua glasi midomoni mwake.

"Hii ilikuwa yangu, Leander," akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti cha Waziri kikaichukua na kuipeleka kila kona. "Wamekosea kiti."

Kelele zikakatika.

Mpambe akaja mbio na glavu zake nyeupe. Akatazama juu, akaona kitambulisho alichoinua Philomena roshanini, akaipokea glasi kwa mikono miwili. Akanusa kwa mbali. Rangi ikamtoka usoni.

Tuck aliiona rangi ile ikitoka.

"Mheshimiwa Pottle," Spika akasema, akimeza mate, "rudi kwenye kiti chako, la sivyo utahesabiwa wa upande huo."

"Mungu apishie mbali," akasema Noreen. Akarudi. Akabaki wima. "Swali langu halijajibiwa."

Waziri akasimama. Alitafuta glasi kwa mkono, akakumbuka haipo. Bila glasi alionekana mzee.

"Mheshimiwa Spika," akasema. "Mkataba ule... sikuusoma. Niliambiwa ni mzuri. Hausainiwi leo. Hausainiwi."

Akakaa, akafunika uso.

"Mnara," Philomena akanong'ona. "Waziri yu hai. Mkataba umekufa. Washikeni wa Norvane hotelini kabla hawajafungasha."

"Safi sana, Shakwe. Lile jambo la jiko, tutaliandikaje?"

"Liandike wewe. Mimi mkono umechoka."

Akazima redio.

Alimkuta Noreen kwenye benchi la korido, nyuma ya mlango wa chumba cha makoti. Waandishi walikuwa wakimtafuta upande wa pili. Alikuwa ameikalia mikono yake miwili.

"Umefanya kazi, bibi," akasema Philomena.

"Mena." Noreen hakuinua kichwa. "Uliniona?"

"Nilikuona ukivuka. Kisiwa kizima kimekuona."

"Kabla ya hapo."

Philomena alikaa karibu naye. Benchi lilikuwa gumu. Alihisi huruma, na hakupenda, maana huruma ilikuwa haimo katika maagizo.

"Nilikuwa nawaza wale watoto," Noreen akasema. "Nikawaza, acha anywe. Sikusahau, sikuchelewa kuelewa. Nilielewa, nikakaa kimya. Unaandika hayo?"

"Mimi huandika kilichotokea."

"Na kilitokea nini?"

Philomena akashika goti, akasimama kwa shida. Akachukua koti lake kwa Gus, aliyelileta akiwa amelishika kwa vidole viwili tu, macho yamemtoka.

"Mtu alitaka kunywa sumu," akasema huku akivaa, "na mwingine akavuka akamzuia. Nenda kawaambie waandishi habari za nyumba, mpenzi. Wanakusubiri."

Akashuka kwa ngazi za mbele, polepole, bila kugeuka.