Nani Kachukua Pazia la Mita Sita

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya ufunguzi wa tamasha la filamu, Rula alifungua stoo ya nyuma ya ukumbi akakuta ukuta mtupu unamtazama. Jana jioni ukuta huo ulifunikwa na pazia la mita sita kwa tatu, lenye anga la bluu na watu mia moja wameketi juu ya mawingu wakitazama sinema. Wiki tano za jasho la wanafunzi tisa. Sasa vilibaki vibanio tu, vimerundikwa sakafuni.

Rula halikuwa jina la kuzaliwa. Wenzake walimpa kwa sababu rula haikumtoka mkononi, na kwa sababu mwenyewe alinyooka kama hiyo rula: kwake kosa ni kosa. Ndiye aliyeongoza timu ya sanaa na ubunifu ya tamasha. Mkurugenzi wa tamasha alipopigiwa simu hakuwa na maneno mengi. Saa tano kamili, kama pazia halipo, kampuni ya uchapishaji italeta bango lake, na timu ya wanafunzi itafunga virago, mwaka huu na mwaka ujao.

Rula alilelewa na bibi asiyempa mtoto chai mpaka ategue kitendawili, kwa hiyo hakulia. Alichuchumaa akaanza kutazama.

Kufuli lilikuwa zima. Hilo halikumsaidia, maana ufunguo ulining'inia siku zote kwenye msumari nyuma ya boksi la umeme, na timu nzima ilijua. Lakini kwenye fremu ya mlango, usawa wa bega, palikuwa na doa la bluu pana kama kiganja. Alilisugua kwa kidole, kidole kikatoka bluu. Akaandika kwenye daftari lake: mlangoni, saa moja na robo, bluu nje.

Aliandika "bluu nje" kwa sababu moja. Pazia la rangi hukunjwa picha ikiwa nje, ili rangi isipasuke. Asiyefundishwa huficha picha ndani, kama mtu anavyofunga zawadi. Aliyepita mlangoni na bluu nje alikuwa amefundishwa.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mzee mtunza ukumbi, aliyekuwa amelalamika wiki tano nzima kwamba stoo yake imegeuzwa mbingu. Alisema alifungua geti saa kumi na mbili na nusu, akaenda kufagia mbele. Saa moja kasorobo alimwona Msumari, yule kijana aliyeondolewa kwenye timu, akipita na mfuko. Rula akampa kitambaa cha zamani chenye picha, akamwomba akikunje. Mzee akakikunja, picha ndani.

"Kwa nini hivyo, babu?"

"Sasa nikunje vipi, mjukuu wangu? Nani anavaa shati la ndani nje?"

Rula akamshukuru, akamfuta kwenye daftari.

Timu ilipokusanyika saa mbili, kila kidole kilimwonyesha Msumari. Na kweli alikuwa na sababu. Wiki moja nyuma alikunja kitambaa cha jukwaa dogo picha ikiwa ndani, rangi yote ikapasuka, na Rula akapiga mstari mwekundu juu ya jina lake kwenye orodha ya mlangoni, mbele ya watu. Kopo ndiye aliyekumbusha habari hiyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Kopo alikuwa mdogo wake Rula, mtoto wa mama mdogo anayeishi naye nyumba moja, na ndiye mchanganyaji rangi wa timu. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa fulana ya tamasha nembo ikiwa ndani na mishono nje, na wenzake walikwisha kumcheka hadi wakachoka. Alisema alivaa gizani, umeme ulikatika.

Msumari aliitwa. Alikuja bila haraka, mikono mfukoni.

"Ulifuata nini hapa saa moja kasorobo?" Rula akauliza.

"Brashi zangu. Au nazo zimefutwa?"

"Sasa hivi unajua pazia linakunjwaje."

"Nilifundishwa mbele ya watu wote, nitasahau vipi?" Akatoa mikono mfukoni, safi kabisa, akaigeuza pande zote mbili. "Bosi, ningetaka kukukomoa ningewachorea wale watu mia masharubu. Kubeba mita sita za kitambaa ni kazi ya punda."

Mmoja alicheka, akajizuia. Rula hakucheka. Alikuwa akitazama kidole chake mwenyewe, ambacho bado kilikuwa na bluu.

Hapo ndipo fundo lilipofunguka. Anga lilipakwa siku nne zilizopita, na lilikuwa kavu. Rangi yao ilikuwa ya unga, inayochanganywa na maji na gundi, na ikishakauka na gundi yake hata ukiifua haitoki. Bluu inayotoka kidoleni ni bluu isiyo na gundi. Msumari aliondoka kabla anga halijapakwa, hakuwahi hata kuliona kopo la rangi yake. Mwenye sababu ya kuficha kosa hilo ni aliyezichanganya rangi za anga, na mtu huyo amevaa fulana ndani nje.

Rula angeweza kufunga daftari, akamwacha Msumari na lawama zake. Alikuwa amekwisha kufutwa tayari. Hakulifunga. Mita sita za kitambaa zisingepita mbele ya mzee akifagia, kwa hiyo zilikuwa bado humo humo; saa tatu kasorobo alimshika Kopo mkono, wakaingia ukumbini wawili tu, wakakaa viti vya mbele.

"Nikutegee kitendawili, mdogo wangu. Watu wote wanakijua mbele, hakuna anayekijua nyuma."

Macho ya Kopo yalikwenda yenyewe jukwaani, kwenye skrini kubwa nyeupe.

"Haya, umekitegua," Rula akasema taratibu. "Sasa geuza fulana."

Kopo akaigeuza. Kwenye bega la kulia palikuwa na bluu, kubwa kama sahani.

"Nilikuwa nitakwambia, dada."

"Lini?"

"Baada ya bango kutundikwa."

Alieleza akitazama magoti yake. Jana, wengine walipoondoka, alipitisha kiganja chenye jasho juu ya anga, anga likabaki kiganjani. Akakumbuka siku ya kuchanganya. Gundi ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikiingia kwenye rangi rangi hupauka, na yeye alizoea kutambua kwa jicho tu. Siku ile mwenzake mmoja alikuwa amelimiminia kopo la bluu rangi nyeupe ili anga liwe jepesi. Kopo alipokuta bluu imepauka alidhani gundi imo. Haikuwamo. Pazia litatundikwa nje, umande wa usiku mmoja tu na watu mia moja wangebaki wanaelea kwenye matope. Asubuhi alitangulia kutoka nyumbani, akalibeba begani mpaka nyuma ya skrini. Pazia likiibwa, hakuna mkosaji kwenye timu.

"Yupo," Rula akasema. "Ulimchagua Msumari."

"Yeye mstari ulishapigwa. Mimi wangu ungepigwa leo, halafu jioni tunakula meza moja na mama. Ningekutazama vipi?"

Mstari ule Rula aliupiga kwa mkono wake, na akaona raha kuupiga, kwa vile ulinyooka. Kisha akatazama saa.

"Wizi ni wako. Woga ulioleta wizi, nusu yake ni yangu. Nitawaambia hiyo nusu, nawe utasema yako. Gundi ipo?"

"Ndoo nzima."

Walilitandaza pazia jukwaani. Rula aliwaambia wote lake, akasema jina la Msumari limerudi. Kopo akasimama mbele ya Msumari, akasema lake lote, na la kumsingizia akalirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Msumari alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza tu pampu ya kunyunyizia maua iko wapi.

Gundi kipimo kimoja, maji vipimo vinne. Msumari ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Alinyunyiza kwa juu, ukungu tu, ili bluu isitiririke. Feni sita zikawashwa. Saa nne na dakika arobaini mkurugenzi alifika na watu wa bango, akaelezwa kosa la gundi, akapitisha kiganja kilicholowa juu ya anga, akakitazama, akawaambia watu wa bango wanaweza kwenda. Alipouliza nani alilichukua, Kopo alijibu kabla Rula hajafungua mdomo. Mkurugenzi akasema atamwona Jumatatu ofisini, na dada yake aje naye.

Wakalipeleka pazia nje. Msumari alipanda ngazi na kamba begani, akafika juu kabisa, akatazama chini. Wenzake walikuwa wamejipanga kusubiri amri. Kopo alisimama pembeni, mikono haijui ikae wapi.

"We Kopo," Msumari akaita. "Njoo ushike ngazi. Nikianguka, angalau leo tutajua ni nani."

Kopo akaja, akaishika kwa mikono miwili.