Riwaya Aliyoisifu Bila Kuisoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alifagia chumba cha mbele cha nyumba yao. Mama yake alikuwa msusi, na chumba hicho ndicho kilichokuwa saluni: viti viwili, kioo kirefu chenye ufa, na benchi la wateja wanaosubiri zamu. Redio alizoa nywele zilizoanguka sakafuni, akapanga vitana mezani, akanywa chai yake akiwa amesimama, kisha akatoka mbio. Jina la Redio alipewa na wateja wa mama yake tangu akiwa mdogo. Alikuwa anaongea kutwa nzima, na walisema hakuna aliyejua mahali pa kumzimia.

Shuleni, kila Alhamisi mchana, darasa lao lilikuwa na kipindi cha maoni maktabani. Mwalimu wa maktaba, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amepata maboksi ya riwaya kutoka kwa familia moja iliyohama mji. Kila mwanafunzi alichagua riwaya, akaisoma, kisha akasimama mbele ya wenzake kueleza aliionaje. Waliovutiwa na maoni yake waliiazima.

Hakuna aliyesikilizwa kama Redio. Mwanzoni alisoma kweli. Lakini sifa zilimjia haraka kuliko alivyoweza kufungua kurasa, na siku moja akagundua njia ya mkato: maneno ya jalada la nyuma, ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho. Hayo yalimtosha kuzungumza hadi wenzake wapige makofi. Kuhusu riwaya ya upelelezi alisema kwamba mwuaji ni mtu ambaye usingemshuku hata kidogo, jambo ambalo ni kweli kwa karibu riwaya zote za aina hiyo. Kuhusu riwaya ya kusisimua alisema aliisoma roho ikiwa mkononi, ila mwisho ulimalizwa harakaharaka. Wenzake walimwona ana jicho kali. Hata mwalimu wa maktaba alitikisa kichwa kwa furaha, akasema kwamba sasa amepata msaidizi.

Kisha ikaja riwaya ya mapenzi. Jalada lilionyesha muuguzi kijana na mwanamume wamesimama juu ya daraja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na harusi. Redio aliifunga na kuisifu kwa maneno matamu: ni mapenzi matupu, laini kama pamba, hata mgonjwa akiisoma atapata nafuu.

Kipindi kilipokwisha, Mrefu alimfuata mlangoni. Mrefu alikuwa jirani yake na rafiki yake wa tangu utotoni, msichana mwenye miguu mirefu na maneno machache. Ndiye aliyependa vitabu kuliko wote darasani. Lakini tangu mwanzo wa mwaka alikuwa anavichagua kwa hofu. Baba yake, fundi wa mabomba, alikuwa akilaza bomba ndani ya mtaro mrefu karibu na barabara, ukuta wa udongo ukaporomoka na kumfunika. Mtaa mzima ulikimbilia pale. Walichimba hadi jua likazama, na walipomfikia alikuwa ameshakata roho. Tangu siku hiyo Mrefu hakuweza kulala dirisha likiwa limefungwa.

Alishika ile riwaya kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ya chini, "Humu hakuna mtu anayefukiwa?"

Redio alikuwa bado anasikia makofi masikioni. Alijua wazi kwamba hajui. Neno "sijasoma" lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Hakuna," alisema. "Soma tu."

Mrefu akatabasamu, jambo ambalo siku hizo lilikuwa nadra, akaiweka riwaya kwenye mkoba wake.

Wiki iliyofuata kiti cha Mrefu kilikuwa kitupu. Watu walisema anaumwa. Redio alipopita nyumbani kwao alikuta mlango umefungwa, na mama jirani akamwambia kwamba mtoto hali chakula wala haongei, anakaa uani tu kwa sababu hataki kuingia ndani ya chumba chochote. Alijiambia kwamba huenda ni homa.

Alhamisi, katikati ya kipindi cha maoni, mama yake Mrefu aliingia maktabani. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani na macho yake yalikuwa mekundu. Hakupaza sauti. Aliiweka ile riwaya mbele ya mwalimu, imefunguliwa katikati.

"Mnajua mume wangu alivyokufa," alisema. "Mtoto alikuwa ameanza kucheka. Mkampa hii."

Mwalimu aliusoma ule ukurasa. Uso wake ulibadilika. Akasimama, akamwomba mama yule msamaha, akasema kosa ni lake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye maktaba na hakuisoma riwaya kabla ya kuitoa. Hakumtaja mtu mwingine. Wanafunzi kadhaa waligeuka kumtazama Redio. Redio alitazama sakafu.

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, mwalimu mkuu alikuwa ameshapata habari. Aliamuru riwaya zote zirudishwe kwenye maboksi na kabati lifungwe kwa kufuli. Alimwambia mwalimu wa maktaba, wanafunzi wakisikia, kwamba atafikiria kama kazi ile inamfaa. Mwalimu hakujitetea. Alianza kukusanya vitabu kutoka mezani, kimoja kimoja, na Redio akabaki nyuma kumsaidia.

Walipofika kwenye ile riwaya ya mapenzi, Redio akauliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani.

"Si uliisoma?" mwalimu alisema.

Redio alijibu kwamba anataka kuiangalia tena. Mwalimu alimtazama, akampa.

Jioni ile, mama yake akiwa anamsuka mteja, Redio alikaa kwenye benchi la saluni akaanza ukurasa wa kwanza. Safari hii hakuruka hata mstari. Muuguzi alikuwa na kaka aliyefanya kazi kwenye machimbo ya mchanga. Katikati ya kitabu, kilima cha mchanga kiliporomoka. Mwandishi hakuficha chochote. Aliandika jinsi wanaume walivyotupa makoleo na kuchimba kwa vidole wasije wakamjeruhi aliye chini. Aliandika jinsi dada yake, yule muuguzi, alivyokuwa akiita jina, halafu akawaomba watu wote wanyamaze ili asikilize kama kuna anayeitika. Aliandika jinsi buti moja lilivyotokeza kwanza.

Redio alikuwepo siku ya mtaro. Alikuwa amesimama nyuma ya watu wazima, akamsikia Mrefu akiita hivyo hivyo. Machozi yakaanza kudondoka juu ya kitabu. Mama yake alimwona kwenye kioo, akauliza kuna nini, na Redio akaeleza yote: majalada, kurasa za mwisho, makofi, swali la Mrefu mlangoni na jibu alilompa.

Mama yake hakumpigia kelele. Vidole vyake vilisimama juu ya kichwa cha mteja. Mwishowe alimwomba mteja radhi, akafuta mikono kwa taulo, akasema, "Vaa viatu. Hili halilali."

Walimkuta Mrefu uani, amekaa juu ya kigoda, mgongo ameuegemeza ukutani. Alikuwa amekonda. Mama yake alikuwa anachambua mchele kando yake. Redio aliwaamkia, akasimama mbele yao, na yale maneno aliyoyapanga njiani yote yakamtoka kichwani.

"Sikuisoma," alisema. "Uliponiuliza, nilikuwa sijui kilichomo. Nilikudanganya."

Mrefu akasema, "Ulinijibu haraka sana. Nilidhani unajua." Akageuza uso.

Neno hilo lilimuuma Redio kuliko kofi. Mama yake Mrefu aliweka ungo chini. Alisema kwamba mchana ule alikwenda kumwaibisha mwalimu mbele ya watoto, kumbe aliyekosa ni mwingine aliyekaa palepale akimsikiliza. Hawezi kumwambia Redio kwamba yamekwisha, alisema, kwa sababu mwanawe bado hali chakula. Lakini kesho asubuhi wote wataongozana kwa mwalimu mkuu, na Redio atasema mwenyewe, kwa mdomo ule ule.

Wakaenda. Redio alisema ofisini, na kisha mwalimu mkuu akamtaka aseme tena mbele ya darasa. Alisema tena. Hakuna aliyepiga makofi. Baadhi ya wenzake walimcheka, na mmoja aliuliza kama hata ile riwaya ya upelelezi hakuisoma. Redio alikiri kwamba hakuisoma. Mwalimu mkuu alimwomba radhi mwalimu wa maktaba na kumrudishia ufunguo wa kabati. Redio alikatazwa kutoa maoni hadi muhula uishe. Badala yake alipewa kazi ya kusoma riwaya pamoja na mwalimu kabla hazijaazimwa, na kumweleza kila sura inasema nini.

Mrefu alirudi shuleni taratibu, kwanza asubuhi tu, baadaye siku nzima. Alikaa karibu na dirisha. Alhamisi moja aliinua mkono, na watu wakashangaa, kwa kuwa hakuwahi kuomba kuzungumza.

"Ile riwaya niliiazima tena, nimeimaliza," alisema. "Mama alikaa nami nikiisoma. Sehemu ya machimbo ni ya kweli. Ndivyo inavyokuwa. Lakini sura inayofuata yule muuguzi anacheka, anakwenda kujaribu gauni la harusi. Hapo mwandishi amedanganya. Mtu hacheki upesi hivyo. Kama mnataka kuisoma, isomeni, ila mjue hilo."

Akakaa. Redio, aliyekuwa amesoma sura hizo mbili na kuzipita bila kuona kasoro, aliinamisha kichwa.

Mwalimu wa maktaba alivua miwani. Aliwaambia kwamba hayo ndiyo maoni, na kwamba amefundisha miaka mingi bila kuyasikia yakitolewa hivyo. "Mtu akikuuliza kitabu kikoje, anakuomba umtangulie njiani umwangalizie," alisema. "Akikuamini, ataweka mguu pale ulipomwambia aweke. Kama hukupita njia hiyo, mwambie hukupita. Hutapata sifa, lakini hakuna atakayeumia. Mimi pia niliamini bila kuangalia, na mtoto akaumia mikononi mwangu. Nami nimejifunza."

Kengele ikalia, wakatoka. Siku ile Mrefu alipita getini na kwenda nyumbani peke yake, kama alivyokuwa akifanya tangu arudi. Wiki iliyofuata Redio alichelewa kutoka kwa sababu ya kupanga vitabu, na alipofika getini alimkuta Mrefu amesimama, mkoba begani, anamngoja.