Ng'ambo Ni Wapi?

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, binti wa fundi cherehani alikaa kibarazani kushona vifungo. Mama yake alikanyaga cherehani, bibi yake alipiga pasi mashati, naye aliuliza maswali. Aliuliza mengi mno, hata jina lake halisi likasahaulika mtaani. Wote walimwita Kwanini.

Siku hiyo gari lenye kipaza sauti lilipita polepole.

"Wananchi, mnatangaziwa! Mipaka ya kata inabadilishwa. Wakazi wa ng'ambo ya mfereji watahamishiwa kata ya jirani. Mwenye maoni afike ukumbini Jumamosi asubuhi!"

Mama alicheka, pini zimejaa mdomoni. "Hao wa ng'ambo wamepatikana! Watakwenda kupigia kura kule juu kilimani."

"Masikini," alisema Bibi, akiusugua mguu wake unaouma. "Mimi kilima kile sikiwezi. Ningekuwa ng'ambo, kura ningeiaga." Tangu ujana wake Bibi hakuwahi kukosa kupiga kura, na alijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote.

"Mama, ng'ambo ni wapi?" aliuliza Kwanini.

"We mtoto nawe! Ng'ambo si kule, ukivuka mfereji? Shona vifungo."

Kesho yake Kwanini alitumwa kumpelekea suruali fundi viatu, baba wa rafiki yake aliyeitwa Mrefu. Alivuka daraja la mbao, akamkuta fundi amepakata kiatu, gundi hadi kwenye viwiko.

"Poleni, watu wa ng'ambo!" fundi viatu alimtania. "Nasikia mnahamishwa."

Kwanini alishtuka. "Sisi? Mama anasema ng'ambo ni kwenu."

"Kwetu? Sisi tupo hapa hapa! Ng'ambo ni huko ulikotoka."

Mrefu aliangua kicheko. "Basi ng'ambo haina mtu. Kila mmoja yuko hapa!"

Kwanini hakucheka. Kama kila upande ulidhani wanaohamishwa ni wengine, nani angekwenda ukumbini? Akaukumbuka mguu wa Bibi. Alirudi nyumbani mbio.

"Jumamosi nina sare za watu," Mama alilalamika baada ya kumsikiliza. "Wenye shida yao ndio waende."

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," alisema Bibi, akiweka pasi chini. "Nenda na mtoto. Sare hazina miguu, hazitakimbia."

Ukumbini kulikuwa na viti vingi kuliko watu. Wachache waliofika walionekana wamefuata kivuli tu. Afisa wa mipaka, bwana mwenye miwani, alisimama kando ya ramani kubwa iliyobandikwa ukutani.

"Kuna mkazi yeyote wa ng'ambo mwenye maoni?"

Kila mtu aligeuka kumtazama jirani yake.

"Basi, kama hakuna pingamizi, nafunga—"

Kwanini alisimama. Mama alimvuta gauni, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Samahani, shikamoo. Ng'ambo ni wapi?"

Watu walicheka. Afisa naye alitabasamu. "Marahaba, mwanangu. Ng'ambo ni ukivuka mfereji."

"Ukivuka ukitokea wapi?"

Afisa aliigeukia ramani, akapitisha kidole juu ya mfereji. "Ukitokea... ofisini kwetu. Yaani ng'ambo ni upande huu wenye mafundi cherehani."

"Ala! Ni kwetu!" Mama aliruka kutoka kitini. Aibu ilimpanda usoni, lakini alisema. "Bwana afisa, mama yangu hawezi kupanda kile kilima. Na majirani zangu hawapo hapa kwa sababu kila mtu anajua ng'ambo ni kwa mwenzake. Hata mimi niliwacheka wenzangu, kumbe najicheka mwenyewe."

Afisa alivua miwani. "Kosa ni letu, mama. Tangazo tuliliandika tukiwa ofisini, na ukiwa ofisini ng'ambo huioni kuwa fumbo. Leo sifungi kitu. Tutakutana tena Jumamosi ijayo, na gari litataja mtaa mmoja baada ya mwingine."

Jumamosi iliyofuata watu walifurika hadi madirishani. Wa upande wa pili walikuja pia, na fundi viatu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote akiwatetea majirani zake. Bibi alifika akipumzika njiani kila baada ya hatua chache.

"Mguu huu umenileta hapa kwa kubembelezwa," aliwaambia. "Kilimani hautanifikisha. Msiniondolee kura yangu nikiwa hai."

Siku chache baadaye gari lilipita tena mtaani likitangaza uamuzi: mpaka umesogezwa hadi barabara kuu, nyuma ya nyumba zote. Pande mbili za mfereji zilibaki kata moja. Mama alipiga vigelegele hadi uzi ukakatika kwenye cherehani.

Bibi alimwita mjukuu wake, akamkalisha karibu.

"Miaka yote nilidhani kura huanza siku ya kupanga foleni," alisema. "Kumbe huanza siku mstari unapochorwa. Ningebaki nimekaa hapa nikiwaonea watu huruma, ningeipoteza bila kujua. Kuuliza si ujinga, mjukuu wangu. Na ukisikia watu wanaitwa kujadili mambo ya 'wale', usibaki nyumbani. Nenda ukasikilize, huenda wale ni sisi."