Maswali Yaliyofukuzwa Dukani

Kila asubuhi Shamsia alifungua duka lake la dawa za mifugo pale Makuyuni, akafagia kizingiti, kisha akakaa na simu yake. Alikuwa mtaalamu wa mifugo, tena mwenye blogu. Blogu ni ukurasa wa mtandaoni ambao mtu huandika makala kuhusu kazi yake, wengine wakasoma.

Mwanzoni aliandika kwa raha. Baada ya miezi mitano, maneno yakamkauka. Wakati huo chama cha wafugaji cha Magoma kilikuwa kikitafuta mtaalamu wa kukihudumia, na katibu wao, Laurenti, aliisoma blogu ile. Shamsia aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Basi kwa haraka akanakili makala ya nchi za mbali, akaiweka bila kuisoma vizuri.

Laurenti akapiga simu huku anacheka. "Daktari, unatufundisha kuwakinga ndama na theluji? Hapa Magoma?" Kisha akaacha kucheka. "Wanachama wanauliza kama kweli unatujua. Tutaamua mwisho wa mwezi."

Shamsia alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaifuta makala ile, akainamia simu kutafuta wazo jipya. Wateja nao hawakumpa nafasi. Fatu akauliza kwa nini mbuzi wake wanaharisha kila mvua zinapoanza. "Njoo baadaye, naandika." Ukasha akauliza mbona kupe wanarudi siku chache tu baada ya kuogesha ng'ombe. "Baadaye." Kisha akaingia Mzee Mhina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu niliwachanja wasipate ugonjwa wa mdondo, na wamekufa wote. Kwa nini?"

"Mzee wangu, nina kazi. Pita kesho."

Mzee akatikisa kichwa, akaondoka taratibu.

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Yusta, fundi nguo, akachungulia mlangoni. Ukuta wa mbao hauna siri.

"Mdogo wangu, unatafuta nini humo kwenye simu?"

"Wazo la makala, dada. Sina hata moja."

"Tangu asubuhi umefukuza matatu."

Shamsia akaiweka simu mezani.

"Kuuliza si ujinga, ila wewe unawajibu kama wajinga," Yusta akasema. "Mimi mishono mipya sitoi kichwani. Mteja akisema gauni linambana akibeba mtoto, nimepata mshono. Swali la mtu mmoja ni la watu hamsini wanaoona haya kuuliza. Liandike kwa maneno yake mwenyewe. Makala moja, swali moja. Wateja wakipungua, nenda mnadani ukasikilize wanacholalamikia. Na makala za wenzako soma ujifunze, usinakili. Wao hawawajui kuku wa Mzee Mhina."

Shamsia akafunga duka, akaenda kwa Mzee Mhina. Kwanza akamwomba radhi. Banda lilikuwa tupu, manyoya matupu. Huruma ikamshika.

"Mzee, chanjo uliibebaje?"

"Nilinunua Korogwe mjini, nikaitia mfuko wa shati. Nikapita gulioni, nikapita msikitini. Jioni nikawachanja."

"Basi ni joto lililoiharibu, mzee. Chanjo ibebwe kwenye chombo chenye barafu, itumike mapema. Na kuku aliyekwisha kuugua, chanjo haimponyi."

"Kumbe niliwapa maji tu!" mzee akasema kwa uchungu.

"Naomba ruhusa niiandike habari hii. Jina lako sitalitaja."

"Litaje, mwanangu. Wenzangu wasipoteze kuku kama mimi."

Jioni hiyo Shamsia aliandika makala yenye kichwa: "Nimewachanja kuku, mbona wamekufa?" Wiki iliyofuata akaandika swali la mbuzi wa Fatu, kisha la kupe wa Ukasha. Wasomaji wakaanza kuuliza wenyewe chini ya makala, na kila swali likazaa makala nyingine.

Mwezi haujaisha, Laurenti akapiga tena.

"Daktari, wanachama wamekuchagua. Mkutano ni Jumamosi. Ila nakuonya, watu wa huku wana maswali mengi, watakuchosha."

"Waambie waje nayo yote," Shamsia akajibu. "Nitafika mapema."