Daftari Lililofungia Kachori

Kila siku, kabla kengele ya shule haijagongwa, Sabaha alikuwa ameshawadharau watu wasiopungua watatu. Wa kwanza alikuwa muuza maji wa Mtaa wa Sikukuu, kwa sababu simu yake ilikuwa ya vitufe. Wa pili alikuwa mlinzi wa shule, aliyeandika majina ya wageni kwa penseli. Wa tatu alibadilika, lakini mara nyingi alikuwa Waridi, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita.

Sabaha alikuwa na miaka kumi na miwili. Mjomba wake aliuza kompyuta zilizotumika hapo Kariakoo, na kila alasiri baada ya shule Sabaha alikwenda dukani kuzifuta vumbi. Kutokana na kazi hiyo ya kufuta vumbi, alijiona mtaalamu.

Waridi yeye alikuwa mkimya. Mama yake alikaanga kachori na mihogo kwenye kona ya mtaa, naye alimsaidia kuchana madaftari ya zamani ili wateja wafungiwe. Aliandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, na hakufungua ukurasa mpya bila kuusoma upya ule wa nyuma.

"Wewe mtihani wa mwaka huu utaumaliza mwakani," Sabaha alimwambia siku moja, darasa zima likacheka. Waridi aliinama, akaendelea kuandika.

Wasichana hao wawili waliishi jengo moja. Ghorofa ya nne ya jengo hilo alikaa Ranjanben, mama wa makamo aliyeuza vipuri vya redio. Mtaa mzima ulimwita Mama Bhavin, ingawa Bhavin mwenyewe alikuwa amehamia Arusha siku nyingi. Katika chumba chake kimoja kulikuwa na kituo cha redio. Hakurusha nyimbo wala taarifa ya habari. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza na watu wengine wenye leseni kama yake popote duniani, kwa kujifunza na kujifurahisha, kupitia waya mrefu uliofungwa juu ya paa.

Jumanne moja Mama Bhavin aliwaita wote wawili.

"Shikamoo, Mama Bhavin," walisema.

"Marahaba. Kaeni. Jumamosi kuna mashindano ya redio. Saa ishirini na nne, anayezungumza na vituo vingi zaidi ndiye mshindi. Kila mawasiliano yanaandikwa: jina la kituo, namba aliyokupa, na muda. Miaka ishirini na miwili nimeandika kwenye karatasi na kutuma kwa posta. Mwaka jana hawakupokea. Wanataka faili la kompyuta tu. Matokeo yalipotoka, kituo changu hakikuwamo kwenye orodha, kama vile nimekufa."

Aligusa kipaza sauti kilichokuwa mezani.

"Mwaka huu nataka kurudi kwenye orodha hiyo. Nisaidieni. Atakayefanya kazi vizuri, mashindano yajayo atakaa hapa kwenye kipaza sauti, mimi nikiwa pembeni yake."

Sabaha alisogea mbele. Alikitazama kile kipaza sauti kama mtu anayetazama kitu chake kilichoibwa.

"Kompyuta niachie mimi," alisema. "Waridi atafagia."

Programu ya kuandikia mawasiliano ilikuwa ya bure. Sabaha aliipakua palepale kwenye kompyuta mpakato aliyoazima kwa mjomba wake. Programu iliuliza jina la kituo, ikauliza mashindano gani, kisha ikaleta ukurasa mrefu wa maelekezo kwa wanaoanza. Sabaha alibonyeza kuendelea mara sita bila kusoma hata mstari mmoja.

"Hayo maelekezo yanasemaje?" Mama Bhavin aliuliza.

"Hayo ni ya watu wasiojua."

"Mimi sijui. Nisomee."

"Tutachelewa, Mama Bhavin."

"Tutachelewa wapi? Mashindano Jumamosi, leo Jumanne."

Sabaha alibetua mdomo. Mama Bhavin alipopendekeza wafanye majaribio, waandike mawasiliano kumi ya kubuni kisha wayafute, Sabaha alicheka kabisa. "Majaribio! Kwani mimi niko chekechea?"

Mama Bhavin hakubishana. Alimpa Waridi daftari dogo na kalamu. "Wewe utaandika yote kwa mkono. Umeme ukikatika, au hii mashine ikizimika, tubaki na kitu."

"Makubwa!" Sabaha alisema. "Tumeleta kompyuta, bado tunabeba daftari."

Jumamosi, saa tisa alasiri, Mama Bhavin alivaa spika za masikioni, akawasha redio. Chumba kilijaa mlio kama wa mafuta yanayochemka. Sabaha aliitazama programu, akaona inasoma 12:00. Simu yake ilisoma 15:00.

"Programu yenyewe imelala," alisema. "Iko nyuma."

Waridi alionyesha saa ndogo ya mezani iliyobandikwa utepe mwekundu. "Hata hii ya Mama Bhavin inasema kumi na mbili."

"Basi zote mbovu. Wewe unaamini saa iliyobandikwa utepe?"

Mama Bhavin, masikio yake yakiwa kwenye redio, hakusikia. Sabaha aliingia kwenye mipangilio, akachezea saa ya kompyuta mpaka kila kitu kikasoma 15:00. Akakaa sawasawa kama rubani. Waridi aliivuta ile saa ya utepe karibu na daftari lake, akaandika 12:00.

Kazi ikaanza. Mama Bhavin aliita, akaitikiwa, akarudia kwa sauti alichosikia. Sabaha akachapa, Waridi akaandika. Akaja Mjapani, sauti yake nyembamba kama uzi. Akaja Mturuki, mlio ukamfunika.

"Amesema mia mbili na sita au na saba?" Waridi aliuliza.

"Andika yoyote," Sabaha alinong'ona. "Mturuki atapanda ndege aje Kariakoo kukukagua?"

Lakini Mama Bhavin aliinua kidole, akamwomba Mturuki arudie. Ilikuwa mia mbili na saba.

Kabla ya magharibi walikuwa na mawasiliano arobaini na saba. Mama Bhavin alizima redio, akasema macho yake si ya usiku. Asubuhi ya Jumapili walirudi. Sabaha aliunganisha intaneti ili asikilize muziki, na kompyuta ikajirekebisha saa yenyewe, kimyakimya. Hakujali. Hadi mashindano yanakwisha, saa tisa alasiri, walikuwa wamefikisha mawasiliano mia moja na kumi na mawili. Mama Bhavin alipiga makofi kama mtoto.

"Nitalipanga faili vizuri, nikuletee," Sabaha alisema.

Alikaa peke yake sebuleni kwa Mama Bhavin, akalifungua faili. Hapo ndipo alipoona kwamba mashindano yalianza 12:00 kwenye kanuni zilizokuwamo ndani ya programu, lakini kwenye faili lake yalianza 15:00. Kwa mara ya kwanza alifungua yale maelekezo ya wasiojua. Mstari wa pili ulisema programu hutumia saa ya kimataifa, na kwamba saa ya kompyuta isiguswe. Hakuendelea kusoma ajue kama tofauti yake na saa ya hapa ni ileile siku nzima. Kuuliza nako kungekuwa sawa na kusema kwamba hajui, na tangu azaliwe Sabaha alikuwa hajawahi kusema hivyo.

Waridi alichungulia. "Kuna tatizo? Tulinganishe na daftari langu?"

"Daftari lako?" Sabaha alimtazama kutoka juu hadi chini. "Mpelekee mama yako akafungie kachori. Ndiyo kazi yake."

Waridi aliondoka na daftari lake. Jioni hiyo aliliweka kwenye rundo la karatasi za mama yake, kwa sababu aliamini kweli kwamba halina kazi.

Sabaha alifuta muda wa mawasiliano yote arobaini na saba ya Jumamosi, akabuni mwingine. Alianza na 12:00, akaongeza dakika nne, akaongeza nne, hivyohivyo hadi mwisho. Akasonya. "Nani atajua?" Kisha akampelekea Mama Bhavin faili. "Tayari. Halina kosa."

Jumanne alasiri Mama Bhavin alishuka kununua kachori, kama kawaida yake. Alikula akiwa amesimama palepale, akapangusa mchuzi wa pilipili kwenye karatasi ili aitupe. Akasita. Kwenye karatasi kulikuwa na mwandiko wa taratibu, ulionyooka: Uturuki, 207, 12:31.

Alipanda juu, akafungua faili la Sabaha, ambalo alikuwa bado hajalituma. Uturuki, 207, ilikuwa imeandikwa 12:56.

Jioni aliwaita wasichana wote wawili, akaiweka ile karatasi yenye mafuta mezani.

"Waridi ndiye aliyekosea," Sabaha alisema haraka. "Huyu anaandika kama konokono."

"Konokono huyu alifuata saa ya utepe mwekundu. Saa hiyo ni ya kimataifa, niliirekebisha mwenyewe." Mama Bhavin aligeuza kompyuta. "Wewe je? Hawa watu wako wa Jumamosi wamepishana dakika nne, dakika nne, dakika nne. Dunia nzima ilipanga foleni kama wako benki?"

Sabaha aliinamia kioo, akaiona mistari yenyewe.

"Wanaopokea mafaili haya wanalinganisha," Mama Bhavin aliendelea. "Faili la Mturuki wanalo. Wakiona kwake 12:31 na kwangu 12:56, wanafuta. Wakiona arobaini na saba ya namna hiyo, wanajua mtu amedanganya, wanafuta kituo kizima. Si jina lako litakalofutwa, Sabaha. Ni langu."

Machozi yakamtoka Sabaha. Akaeleza yote: saa aliyoisogeza, maelekezo aliyoyaruka, muda aliobuni.

"Ule muda wa mwanzo uko wapi?"

"Niliandika juu yake."

Mama Bhavin alivua miwani. "Saa ya kimataifa iko nyuma yetu kwa saa tatu tu. Ungeniambia Jumapili, tungetoa saa tatu kwenye kila mstari wa Jumamosi, tukanywa chai. Kusogeza saa kulikuwa kosa dogo. Kulificha ndiko kumeharibu kila kitu. Daftari la Waridi liko wapi?"

Waridi alijibu kwa sauti ndogo, "Kwenye kachori."

Waliteremka ngazi mbiombio. Mama Waridi alikuwa akimhudumia kijana mmoja wa mikokoteni.

"Mama, daftari la redio!" Waridi aliita.

"Lile dogo? Nimefungia watu tangu juzi. Lililobaki hilo hapo."

Sabaha aliiona pia karatasi yake moja mkononi mwa kijana. "Kaka, samahani, naomba hiyo karatasi."

"Dada, si nimalize kula kwanza?"

"Naomba," Sabaha alisema. Hilo halikuwa neno alilolizoea.

Kijana alihamishia kachori kiganjani, akampa karatasi huku akitikisa kichwa. Sabaha alipekua ndoo ya takataka ya Mama Waridi mpaka mikono ikanuka vitunguu. Watoto wawili wa darasa lao walipita, wakasimama kumtazama, wakacheka. Hakuinua kichwa.

Walizipanga karatasi mezani kwa Mama Bhavin. Kurasa mbili hazikuonekana: mawasiliano kumi na manane ya Jumamosi. Yaliyobaki Waridi aliyasoma, Sabaha akayachapa, na kila alipofika mwisho wa ukurasa alisema, "Nisomee tena."

"Na haya kumi na manane?" Sabaha aliuliza. "Tulizungumza nao kweli. Tuyaache humohumo."

"Muda wake unaujua?"

"Siujui."

"Basi yafute."

Sabaha aliyafuta mwenyewe, moja moja. Kumi na saba, kumi na nane. Yule Mjapani wa sauti nyembamba naye alikuwamo. Yalibaki tisini na manne. Mama Bhavin alisoma faili lote, mstari kwa mstari, akalituma.

Miezi michache baadaye orodha ilitoka. Kituo cha Mama Bhavin kilikuwa chini ya katikati, mahali ambapo hakuna anayepewa kikombe. Alichapisha ukurasa huo, akaubandika ukutani juu ya redio, akautazama kwa muda mrefu.

"Nimerudi," alisema. Kisha akawageukia wasichana. "Waridi, kipaza sauti ni chako. Sabaha, usikunje uso, nisikilize. Kompyuta uliijua kuliko sisi wote, na hilo sikatai. Lakini ulimcheka anayesoma maelekezo, ukamcheka anayerudia kazi yake, halafu ulipokosea ukaona aibu kusema hujui, kwa sababu ulijua wewe mwenyewe ungemcheka mtu wa hivyo. Anayedharau wenzake hujinyima wa kumuuliza. Na aliyekosea akasema mapema, anasaidiwa. Akificha, anawaangusha hata wasiokosea."

"Nimekuelewa, Mama Bhavin," Sabaha alisema. Akamgeukia Waridi. "Nisamehe kwa lile la kachori."

"Yamekwisha," Waridi alijibu. "Ila safari hii daftari ni jipya. Usiliite la kachori."

Siku ya mashindano yaliyofuata, Waridi alivaa spika za masikioni zilizokuwa kubwa kuliko kichwa chake. Alipoita mara ya kwanza, maneno ya Kiingereza yalimtoka yamepinda. Midomo ya Sabaha ilianza kubetuka yenyewe, kwa mazoea. Akaibana.

Mbali huko, katikati ya mlio, mtu akaitikia.

"Amesema tano au tisa?" Waridi aligeuka na kuuliza.

"Sijui," Sabaha alisema. "Muulize tena."

Kisha akaitazama ile saa ya utepe mwekundu, akaandika kwa kalamu, taratibu: 12:00.